Mkutano wa watengeneza michezo ya video: mwongozo kwa anayeondokea Lubumbashi

Mara ya kwanza nilipokwenda kwenye mkutano wa watengeneza michezo ya video, nilivaa suti. Ilikuwa ni ya harusi ya yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa, nikaongeza tai nyekundu na viatu vilivyopigwa rangi hadi vikang'aa. Kumbe Cape Town nzima imevaa fulana na raba. Saa ya kwanza haijaisha, watu wawili walikuwa wameshaniuliza choo kiko wapi. Walidhani mimi ni mfanyakazi wa hoteli.

Mfukoni nilikuwa na kadi 200 za mawasiliano, mgongoni laptopu yenye mchezo wangu, na kichwani mpango mmoja: nimkute mchapishaji, yaani mtu wa kugharamia na kuuza michezo ya wengine, nimwoneshe, atoe pesa. Pesa haikutoka. Nilirudi na majina tisa kwenye daftari, na moja kati ya hayo tisa ndilo lililokuja kurudisha nauli yangu, ingawa si kwa sababu ya mchezo ule.

Ninayoyaandika hapa ni kwa vijana wa mitaa ya Lubumbashi, wa Katuba, Kenya (mtaa wetu, si ile nchi), Ruashi na Kampemba, wanaotengeneza michezo usiku, umeme ukiwepo. Maelekezo mengi niliyoyasoma kabla ya safari yaliandikwa kwa mtu anayetoka nyumbani kwake San Francisco na kufika ukumbini kwa treni. Hakuna aliyeniambia habari ya kadi ya njano, cheti cha chanjo ya homa ya manjano.

Hatua ya 1: Chagua mkutano kwanza, tiketi baadaye

Mikutano hii haifanani hata kidogo. Gamescom ya Cologne, Ujerumani, hufanyika Agosti na huvuta zaidi ya watu 300,000, lakini wengi wao ni wachezaji waliokuja kujaribu michezo mipya. Wafanyabiashara wana eneo lao lililotengwa, na tiketi yake ni nyingine. Ukinunua tiketi ya wachezaji ukidhani utaonana na wachapishaji, utashinda kwenye foleni ukitazama migongo ya watoto wa shule. GDC (Game Developers Conference) ya San Francisco ni ya wenye kazi wenyewe: waandishi wa programu, wachoraji, watu wa sauti, wachapishaji. Ilianza 1988 sebuleni kwa mbunifu wa michezo Chris Crawford, watu wasiozidi thelathini, na imewahi kukusanya karibu watu 30,000. E3, maonyesho ya michezo ya Los Angeles, ambayo sisi wa umri wangu tulikua tukiisikia kama Maka ya michezo, ilitangazwa kufa Desemba 2023. Mtu akikuuzia tiketi ya E3, mwambie akauze maji Kamalondo.

Ushauri wangu ni kuanzia Afrika, na sisemi hivi kwa uzalendo. Africa Games Week ya Cape Town, iliyoanza 2018, bado ni ya kiasi ambacho mtu uliyemkosa asubuhi utamkuta mchana akinywa kahawa. Johannesburg kuna Fak'ugesi, tamasha la ubunifu wa kidijitali lililoanza 2014, na michezo ina nafasi yake humo. Katika mikutano mikubwa ya nje, mgeni asiyejulikana ni tone ndani ya mto. Hapa karibu, kutoka Congo tu kunatosha watu wakukumbuke, kwa sababu mara nyingi utakuwa peke yako.

Na kama mfuko wa mwaka huu hauruhusu safari yoyote, kuna Global Game Jam. Tangu 2009, kila mwaka kuelekea mwisho wa Januari, vikundi duniani kote hupewa mada moja na kutengeneza mchezo kwa muda mfupi sana. Kinachohitajika ni chumba, kompyuta chache na jenereta ya akiba. Utamaliza wiki ukiwa na mchezo mdogo uliokamilika na marafiki wawili watatu wa fani, na hao ndio utakaosafiri nao mwaka unaofuata.

Hatua ya 2: Karatasi, miezi mitatu kabla

Pasipoti isiwe na chini ya miezi sita iliyobaki. Viza uiombe mapema kuliko unavyodhani inafaa. Afrika Kusini ina ubalozi mdogo hapa mjini, kwa hiyo anzia hapo kuuliza. Kwa mikutano ya Nairobi mambo yamekuwa mepesi: Congo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na Kenya ikaondoa sharti la viza kwa Wakongo mwaka 2023. Hata hivyo hakikisha masharti ya wakati huo kabla ya kulipa ndege.

Mara tu unapojiandikisha kwenye mkutano, waandikie waandaaji uombe barua ya mwaliko. Wamezoea, wengine wana fomu tayari. Barua itaje jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti. Sisi wenye majina matatu, jina la baba, jina letu na la ubatizo, tunajua karani anavyoweza kuyapanga apendavyo. Weka pamoja na hiyo barua taarifa ya benki, mahali utakapolala, na tiketi ya kurudi. Kama studio yako ni wewe na binamu yako, sema hivyo hivyo. Karani wa viza hutafuta sababu ya wewe kurudi nyumbani, hatafuti kampuni kubwa.

Halafu kadi ya njano. Chanjo ya homa ya manjano ichomwe angalau siku kumi kabla ya kusafiri. Ukichomwa mara moja inatosha maisha yote. Afrika Kusini huidai kwa anayetoka Congo, na nimeona kwa macho yangu kijana akiondolewa kwenye foleni pale Luano, uwanja wetu wa ndege, machozi yanamlengalenga, kwa sababu aliiacha juu ya friji.

Kuhusu njia: Luano kuna ndege za Johannesburg, Addis Ababa na Nairobi. Wengine huvuka mpaka wa Kasumbalesa, kilomita kama 90 kutoka mjini, wakachukue ndege Ndola kwa bei nafuu. Inawezekana, lakini hesabu pia viza ya Zambia kama unaihitaji, nauli, na siku nzima ya mpakani. Mimi sikuona faida.

Hatua ya 3: Mchezo uchezeke bila mdomo wako

Hapa ndipo nitakaa kidogo, maana hapa ndipo wengi wetu tunaangukia.

Mchezo wangu ulikuwa wa lori la shaba linalotoka Kolwezi kwenda Kasumbalesa. Mashimo, vizuizi, mafuta yanayoibwa ukilala. Niliupenda mno. Wiki tano kabla ya safari, siku ya posho, kama tunavyoiita Jumamosi hapa kwetu, nilienda kwenye kibanda cha PlayStation karibu na nyumbani Katuba. Watoto hulipa pale kwa mechi. Nilimlipia mvulana mmoja mechi mbili ili aniachie dakika tano za muda wake, nikampa simu. Alikuwa na miaka kumi na moja hivi, ana peremende shavuni.

Mchezo ulianza na maelezo: sentensi kumi na nne za Kifaransa kizuri. Kidole chake kilizirusha zote bila hata moja kusomwa. Lori likatokea. Akagusa katikati ya kioo, hakuna kitu. Akagusa tena, mara nne, haraka haraka. Akainamisha simu kushoto, lori likaingia mtaroni, likapinduka, magurudumu yakabaki yakizunguka hewani. Akaniangalia. "Yaya, njo nini sasa?"

Mdomo wangu ukafunguka nimweleze, nikaufunga. Akabonyeza kitufe cha kurudi, akanirudishia simu yangu kwa adabu, akaenda zake kwenye mpira.

Zile sentensi kumi na nne zilifutwa zote usiku ule. Badala yake lori huanza likiwa limesimama mbele ya kizuizi, na kitufe kimoja tu ndicho kinachowaka. Ukikibonyeza, kizuizi kinafunguka. Ukifika kwenye shimo la kwanza, kitufe cha pili kinawaka. Wiki iliyofuata mvulana yule yule alicheza dakika nane, na wenzake wawili wakasimama nyuma yake wakimfokea jinsi ya kuendesha. Hicho ndicho kipimo changu hadi leo: mpe mtu simu, nyamaza, hesabu dakika tatu. Akikuuliza swali, kasoro ni ya mchezo, rudi mezani.

Kwa nini hili ni muhimu ukumbini? Kwa sababu ukumbini kuna kelele, Kiingereza chako kinaweza kukwama, na mtu aliye mbele yako ana dakika kumi kabla ya miadi mingine. Mchezo unaojieleza wenyewe unakutafsiria.

Mambo mengine ya demo, yaani kipande cha mchezo cha kuonjesha watu, kwa haraka. Iwe haihitaji intaneti hata chembe, kwa sababu waifai ya mkutano hulemewa watu wakishajaa. Iwe kwenye simu mbili, moja ya akiba. Iwe na njia ya kuanza upya kwa mguso mmoja, maana mgeni anayefuata hataki kuendelea pale mwenzake alipopinduka. Tengeneza pia video ya sekunde 60 inayoonesha mchezo ukichezwa tangu sekunde ya kwanza. Nembo ya studio yako inayozunguka kwenye moshi kwa sekunde kumi na mbili inakufurahisha wewe na mama yako tu.

Hatua ya 4: Sentensi tatu za Kiingereza

Sisi wa Lubumbashi tunaishi kwa Kiswahili, tunasomea Kifaransa, na tunafanya mzaha kwa lugha zote mbili pamoja. Mikutano hii huendeshwa kwa Kiingereza. Usijidanganye kwamba utajifunza Kiingereza chote kwa mwezi mmoja. Jifunze sentensi tatu, uzijue kama jina lako.

Ya kwanza inasema wewe ni nani na unafanya nini hasa: "Ninaitwa fulani, natoka Lubumbashi, Congo, mimi ni mwandishi wa programu kwenye studio ya watu wawili." Ya pili inasema mchezo ni nini kwa namna ambayo mtu anaweza kuuona: "Unaendesha lori la shaba kilomita mia kadhaa, na kila kizuizi kina bei yake." Ya tatu inasema unatafuta nini: "Natafuta mtu aliyewahi kuuza mchezo wa simu mahali ambapo wachezaji hawana kadi za benki."

Hiyo ya tatu ndiyo inayofungua milango. Nilipoanza nilikuwa nikisema "natafuta ufadhili", na nyuso zilikuwa zikifunga kama duka saa ya mvua. Hakuna anayeweza kujibu "natafuta ufadhili" akiwa amesimama na kikombe. Swali dogo linalohusu kazi, mtu huliweza. Atasema "sijui, lakini namjua anayejua", na hapo ameshakushika mkono.

Jambo jingine: wewe una ujuzi wasio nao. Unajua mchezaji wa Congo anavyolipa kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, anavyonunua megabaiti kidogo kidogo, anavyofuta mchezo mzito ili apate nafasi ya picha za harusi. Nchi yetu ina watu zaidi ya milioni 100 na wachapishaji wengi hawajui hata lugha ya kuandikia menyu. Ukiulizwa habari za Congo, zungumza hayo. Ukianza na vita na umaskini, watakuonea huruma, watakupa pole, na mazungumzo yataishia hapo.

Kisha suala la salamu. Kwetu salamu haina haraka: nyumbani, watoto, kazi, ule mguu wa mama. Kule mtu husema jina, anasubiri jina lako, basi. Si dharau. Salamu ndefu uzihifadhi kwa Wakongo na Wazambia utakaokutana nao koridoni, nao watafurahi mno kuzisikia.

Hatua ya 5: Omba miadi kabla hujapanda ndege

Mikutano mingi siku hizi ina programu ya kupangia miadi. Kwenye Gamescom na mingineyo imewahi kutumika MeetToMatch. Programu hiyo hufunguliwa kwa waliojiandikisha wiki chache kabla. Wengi hungoja siku ya kwanza ya mkutano, na kufikia hapo nafasi za watu wanaotakiwa zimekwisha.

Pitia orodha, chagua watu ishirini, tuma ujumbe ishirini tofauti. Ninasisitiza "tofauti". Mtu anayepokea maombi mia anajua ujumbe ulionakiliwa. Ukimwandikia mtu wa Nyamakop ya Johannesburg, ujue kwamba mchezo wao Semblance wa 2018 ulikuwa wa kwanza kutengenezwa Afrika kuingia Nintendo Switch. Ukimwandikia wa Kiro'o Games ya Yaoundé, ujue walitoa Aurion mwaka 2016, tena mwandikie kwa Kifaransa, mtaelewana vizuri. Leti Arts wana mizizi Ghana na Kenya tangu 2009. Maliyo Games ya Lagos imefundisha vijana wengi wa bara hili. Free Lives ya Afrika Kusini ilitoa Terra Nil mwaka 2023. Cheza walau mchezo mmoja wa mtu unayetaka kuonana naye. Ujumbe wenyewe uwe mistari minne: nani, mchezo, kwa nini yeye, na ombi la dakika kumi na tano.

Mimi nilijibiwa na saba kati ya ishirini, nikaona ni balaa. Baadaye niliambiwa ni bahati.

Sasa saa. Kabla ya safari nilipanga mazungumzo ya video na mchapishaji mmoja wa nje. Kalenda ya simu iliniuliza nchi, nikaandika Congo, ikachukua saa za Kinshasa. Lubumbashi tuko saa moja mbele ya Kinshasa, kwa hiyo ikaniita nikiwa nimeshachelewa saa nzima. Nilifungua kamera nikiwa nimechana nywele vizuri, na kumbe yule bwana alishangoja akachoka akaondoka. Chagua mji wako mwenyewe kwenye mipangilio, na kwenye ujumbe andika saa kwa tarakimu, 15h00, ukitaja ni saa za wapi. Cape Town na Lubumbashi zinalingana mwaka mzima. Ujerumani mwezi Agosti inalingana nasi pia. San Francisco, kuanzia pale wanaposogeza saa zao mbele mwezi Machi, iko nyuma yetu kwa saa tisa, kwa hiyo mazungumzo ya saa nne asubuhi kwao utayafanya saa moja jioni, wakati ule ule wa bukari, ugali wetu.

Hatua ya 6: Mfuko

Dola zako ziwe safi. Wewe unajua tunavyozikataa hapa zikiwa na mpasuko wa ukucha. Huko nje maduka hayazipokei kabisa, itabidi uzibadili ziwe randi, na duka la fedha litakuomba pasipoti. Soketi za Afrika Kusini zina matundu matatu makubwa ya mviringo, nunua adapta kabla ya kufika hotelini saa tano usiku. Pawabenki mbili. Daftari dogo na kalamu. Kadi za mawasiliano 50 zinatosha, zenye jina, kazi, barua pepe, namba ya WhatsApp na msimbo wa QR unaoelekea kwenye video ya mchezo. Zangu 150 bado ziko kabatini, watoto wanachorea nyuma.

Suti iache. Fulana safi yenye picha ya mchezo wako itafanya kazi ambayo tai haiwezi: mtu ataliona lori la shaba kifuani na kukuuliza.

Hatua ya 7: Ukumbini

Beji uivae juu, jina lionekane. Siku ya kwanza asubuhi zunguka bila kuzungumza na mtu, ujue milango, vyoo, meza za miadi na mahali penye umeme wa kuchaji.

Mihadhara usiifukuzie yote. Najua umelipa tiketi ghali na unataka uile yote, lakini mikutano mingi huweka mihadhara yake mtandaoni baadaye. GDC ina mamia ya mihadhara ya miaka iliyopita kwenye YouTube, bure, na unaweza kuipakua usiku kwa bando la usiku. Mtu aliyekaa kiti cha jirani hatakuwa YouTube. Mimi huchagua mihadhara miwili kwa siku, ninakaa karibu na mbele, na mhadhara ukiisha ninageuka kulia na kuuliza jirani: "Umeelewa alichosema kuhusu ukubwa wa faili?" Swali hilo halijawahi kuninyima jibu.

Foleni ya kahawa nayo ni mahali pa kazi. Siku ya pili, saa nne kasoro, mashine ya kahawa iliharibika. Tulisimama watu kama kumi na watano tukiangalia kijana akiigonga kwa kiganja. Mbele yangu alikuwa mama mmoja wa Ghana, shati la kijani, simu mbili mkononi. Alitazama fulana yangu. "Hilo lori linakwenda wapi?" Nikampa simu, nikanyamaza. Alifungua kizuizi, akavuka shimo la kwanza, la pili, akapinduka, akacheka, akaanza tena. Kahawa ilipopona hakuwa ameona. Halafu hakuuliza chochote kuhusu mchezo. Aliuliza: "Haya maandishi, hiki ni Kiswahili cha wapi?" Nikamwambia cha Lubumbashi, na kwamba menyu nimeiandika pia kwa Kiswahili cha vitabu na kwa Lingala. Akasema walikuwa na mchezo wa kusomesha hesabu ambao tafsiri yake ya Kiswahili ilichekwa na walimu. Dakika sita, kumi labda.

Wakati huo huo mchapishaji niliyemwandalia kurasa kumi za maelezo alikuwa akitazama saa yake. Alikuwa mstaarabu, aliuliza maswali yao yote: mchezo uko hatua gani, umebakiza miezi mingapi, bajeti ni kiasi gani, timu ni nani, ni mchezo gani mwingine unaofanana nao. Jua majibu hayo kwa tarakimu. Mimi kwenye bajeti nilisema "inategemea", na niliona kalamu yake ikilala mezani. Namba ya uongo ni mbaya, lakini "inategemea" humwambia kwamba hujawahi kukaa chini ukahesabu hata mshahara wako mwenyewe.

Ukiombwa kusaini karatasi ya kutunza siri, isome, omba muda. Ukiambiwa ulipe wewe ili mchezo wako "uchapishwe", huyo si mchapishaji, ni muuza huduma. Shukuru, ondoka.

Baada ya kila mazungumzo, kabla ya mazungumzo mengine, simama pembeni uandike nyuma ya kadi yake: mlikutana wapi, mlizungumza nini, umeahidi nini. Kwenye kadi ya yule mama niliandika: "Shati la kijani, mashine ya kahawa. Hesabu, watoto, Kiswahili kibaya. Nimtumie sampuli ya kurasa mbili Jumatatu." Jioni, ukiwa na kadi kumi na nne na kichwa kinachovuma, maandishi hayo ndiyo kumbukumbu pekee uliyonayo.

Hatua ya 8: Tafrija za usiku

Nenda, lakini usikae hadi mwisho. Mikataba haizungumzwi kwenye muziki, ila watu wanaokuwa wakali mezani huwa binadamu pale. Dada zetu, nendeni wawili wawili. Mikutano mingi ya maana huwa na kanuni za mwenendo na watu maalumu wa kupokea malalamiko. Tafuteni jina la huyo mtu siku ya kwanza mchana, msisubiri usiku mnapomhitaji. Kaka zetu, kanuni hizo zinawahusu ninyi pia, na mtu akisema hapana kuhusu namba ya simu, jibu ni "usiku mwema".

Hatua ya 9: Wiki ya kurudi

Ndege ikitua Luano utakuwa umechoka, wageni watakuja kusikiliza habari, na mkwe atataka kujua umemletea nini. Pamoja na hayo yote, ndani ya siku tano andika kwa kila mtu ambaye kadi yake ina maandishi nyuma. Siku tano, kwa sababu baada ya hapo uso wako umeshachanganyika na nyuso nyingine.

Ujumbe wangu kwa yule mama ulikuwa hivi: "Habari za kazi, mama. Mimi ni yule wa lori la shaba, tulikuwa wote kwenye mashine ya kahawa iliyokufa. Nimetafsiri kurasa mbili za mchezo wenu wa hesabu kwa namna mtoto wa Lubumbashi na wa Nairobi wote wataelewa. Ziko hapa chini, si kwenye faili, ili usilazimike kupakua. Mahali nilipobadilisha mfano nimeeleza kwa nini." Basi. Sikuomba kitu. Mahali pa mfano, mchezo wao ulikuwa ukihesabu tufaha, nikaweka maembe.

Asipojibu, kumbusha mara moja baada ya wiki mbili, ukiwa na kitu kipya mkononi: picha ya hatua mpya ya mchezo, makala inayohusu alichouliza. Zaidi ya hapo mwache, mtaonana mwakani.

Yeye alijibu siku ya kumi na tisa, saa moja asubuhi, nikiwa ndani ya basi la kwenda mjini nimebanwa kati ya gunia la makaa na mwanafunzi. Mstari mmoja: "Unatoza kiasi gani kwa neno?"

Sikuwa na jibu. Nilishuka kituo kabla ya changu, nikakaa ukingoni mwa barabara, nikaanza kuhesabu: maneno mangapi naweza kutafsiri kwa saa, mafuta ya jenereta, megabaiti, makato ya kupokea pesa kutoka nje. Ilinichukua hadi saa tano, na kwa woga nilitaja bei ndogo ambayo nilifanya nayo kazi miezi minne. Hesabu hiyo ifanye kabla ya kwenda Luano, uiandike kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari lako: bei ya neno, bei ya siku ya kuandika programu, bei ya picha moja.